Kichupa cha Dawa ya Kano

Ninyi mliokwisha kutoka shuleni lakini bado mwapenda mpira, habari hii haikutoka katika kitabu cha darasani. Ilianza mlangoni kwangu.

Muhula uliopita alinijia kijana mmoja niliyemfundisha elimu ya viumbe zamani kidogo. Alikuja jioni akichechemea, akaketi kabla sijamkaribisha. Mguu wake wa kulia ulikuwa umemsumbua kwa miezi 5. Kano ya kisigino, yaani ile kamba nene iliyo nyuma ya mguu, ilikuwa imevimba, na kila asubuhi hatua zake za kwanza zilikuwa kama za mzee wa miaka 80. Timu yake hapa Arua ilikuwa ikimngoja. Basi akatia mkono mfukoni akatoa kichupa kidogo, si kikubwa kuliko kidole gumba, chenye kizibo cha mpira na unga mweupe kidogo chini yake.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiwe uliyetufundisha habari za protini. Hii ni dawa ya kuunga kano. Niliuziwa Kampala na mtu mmoja wa chumba cha mazoezi. Nataka unionyeshe namna ya kuichanganya na maji, na mahali pa kudunga."

Nikakigeuza kichupa. Paliandikwa BPC-157, na chini yake, kwa herufi ndogo sana za Kiingereza, kwamba kitu hiki ni cha utafiti tu, si cha kutumiwa na binadamu. Jina la kiwanda halikuwapo. Nikamsomea maneno yale. Akacheka, akasema muuzaji alimwambia kwamba maneno hayo huandikwa kwa ajili ya watu wa forodha.

Sikumwambia la, wala sikumwambia ndiyo, kwa kuwa kusema kweli sikujua. Nalimwomba aniachie kichupa kwa juma moja. Katika juma hilo nilisoma yote niliyoweza kupata, na haya ndiyo niliyoyaona. Nayaandika hapa kwa sababu baadaye nilisikia kwamba kijana huyu si wa kwanza kati ya wanafunzi wetu wa zamani kupewa kichupa cha namna hii.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Mmewaona mama zetu wakitunga shanga. Mwili wetu nao hutunga shanga zake, na shanga hizo huitwa asidi za amino. Ziko za namna 20. Uzi mrefu wa shanga hizo, mamia au maelfu, ni protini. Uzi mfupi ni peptidi. Maana ya uzi imo katika mpango wa shanga: ukibadilisha moja tu, pengine uzi wote hauna kazi tena, au unafanya kazi nyingine.

Msidhani kwamba peptidi ni jambo geni kwetu. Insulini, dawa ya wenye ugonjwa wa sukari, ni uzi wa shanga 51. Oksitosini, ile sindano anayodungwa mama akisha kujifungua ili damu isimwagike mno, ina shanga 9 tu, na kwa shanga hizo 9 wanawake wengi wa Arua na Koboko wamerudi nyumbani wakiwa hai. Hata katika sumu ya nyoka zimo peptidi. Kutoka kwa sumu ya nyoka mmoja wa Brazil wataalamu walijifunza njia ya kutengeneza kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu. Kwa hiyo kijana wangu hakuwa mjinga kuamini kwamba unga kidogo waweza kufanya kazi kubwa. Unga kidogo huweza.

BPC-157 ina shanga 15. Habari zake zilianza katika mji wa Zagreb, Croatia, katika miaka ya mwanzo ya 1990, kwa Profesa Predrag Sikirić na wenzake. Wao walisema kwamba uzi huo ni kipande cha protini iliyomo katika majimaji ya tumbo la binadamu, nao wakautengeneza kwa ufundi. Fikira yao ilikuwa na akili. Tumbo humwaga asidi kali mchana na usiku, lakini halijili lenyewe, na likipata jeraha hupona upesi. Je, hakuna kitu ndani yake kinacholilinda?

Wakawajaribu panya. Waliwakata kano ya kisigino, ile ile inayomsumbua kijana wangu, kisha wengine wakawapa peptidi na wengine wasiwape. Waliopewa walipona vizuri zaidi, na kano zao zilistahimili kuvutwa kuliko za wenzao. Walijaribu pia misuli, mifupa, matumbo na ngozi iliyoungua, na mara nyingi jibu lilikuwa jema. Baadaye wataalamu wa Taiwan walichukua chembe za kano za panya wakazikuza katika vyombo, wakaona kwamba peptidi hiyo huzifanya chembe kutambaa na kutoka kwa wepesi zaidi. Tena wakaona kwamba huamsha mishipa midogo mipya ya damu.

Neno hilo la mishipa ya damu lina uzito, kwa hiyo nitasimama hapo kidogo. Kano ni kitu maskini wa damu. Msuli ukichanika hupona kwa majuma machache, kwa sababu damu imejaa ndani yake. Lakini kano ya kisigino, hasa pale sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, hupata damu kidogo mno. Nayo kazi yake ni kubea uzito wa mwili mara kadhaa kila mtu akimbiapo. Ikijeruhiwa, mwili huweka kwanza nyuzi za haraka haraka, zisizo na mpango, kama mtu aliyeziba ua kwa miiba huku mbuzi wanangoja. Kuzipanga upya nyuzi hizo huchukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi. Mtu akisikia kwamba iko dawa ya kuleta damu mahali pale, atakosaje kutamani?

Na kama ingekuwa kweli kwa watu, nisingekuwa mimi wa kuidharau. Nawafikiria waendesha bodaboda wanaoletwa hospitali kila juma na miguu iliyochunwa. Nawafikiria wazee wenye kisukari na vidonda vya nyayo visivyofunga, ambavyo mwisho wake huwa msumeno. Dawa ya kuponya nyama ya mwili si jambo la wacheza mpira peke yao.

Lakini panya si mtu. Nilitafuta watu katika habari hizi, nikawapata wachache mno. Mwaka 2015 yaliandikishwa majaribio ya watu 42 wazima, ili kuona tu kama dawa inawadhuru. Matokeo yake hayakuchapishwa. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Marekani walitoa habari za wagonjwa 16 waliodungwa katika goti, na wengi wao walisema maumivu yalipungua. Kusikia hivyo, kijana wangu alipiga makofi. Nikamwuliza swali ambalo ningemwuliza mwanafunzi wa kidato cha pili: walilinganishwa na nani?

Hawakulinganishwa na mtu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wenye vyeti. Goti linalouma leo huenda lingepoa lenyewe baada ya miezi 6. Mtu huenda kwa daktari siku maumivu yanapomzidi, na baada ya kuzidi, maumivu kwa kawaida hupungua. Dawa yo yote aliyopewa siku hiyo itapata sifa. Tena mtu aliyelipa fedha nyingi hupenda kuona kwamba fedha zake hazikupotea. Njia ya kujua ni moja, nayo ni rahisi kuisema na ngumu kuifanya. Tuwachukue wachezaji 40 wa Arua wenye visigino vibovu. Tupige kura. Wenzao 20 wadungwe peptidi, na 20 wadungwe maji safi ya chumvi, na wala wachezaji wala mdungaji asijue nani kapata nini mpaka mwisho. Kisha tuhesabu. Kwa kano za watu, BPC-157 haijahesabiwa hivyo katika majaribio makubwa, na hali imezungumzwa zaidi ya miaka 30. Tena sehemu kubwa ya maandiko juu yake yatoka kwa kundi lile lile la Zagreb. Sisemi kwamba ni waongo, la. Nasema kwamba hata mwanafunzi bora wa darasa hasahihishi mtihani wake mwenyewe.

Mwenzangu mmoja wa chumba cha walimu alinipinga. Alisema wazee wetu wa Ayivu walitia majani katika vidonda bila kungoja mtu wa Zagreb wala wa Kampala. Ni kweli, na baadhi ya majani hayo yastahili kupimwa. Lakini jani huwekwa juu ya kidonda, likichoma unalitoa. Sindano ikisha kuingia haitoki.

Sasa tuje kwenye hatari. Ya kwanza ni kichupa chenyewe. Ukitunga shanga 15 katika kiwanda, mara nyingine moja huanguka, nawe wapata uzi wa 14. Kwa macho unga ni ule ule, mweupe. Ni kwa vyombo vya kupimia tu mtu hujua kilichomo, tena kama ndani yake yamo mabaki ya vijidudu yanayoleta homa. Historia ya insulini yatufundisha jambo hili. Mwezi wa Januari 1922, huko Toronto, mtoto aitwaye Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alidungwa insulini ya kwanza. Dawa ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa safi. Akapata jipu pale alipodungwa, na faida ilikuwa ndogo. Siku 12 baadaye, James Collip alipokwisha kuisafisha, mtoto huyo alidungwa tena na sukari ikashuka. Dawa ilikuwa ile ile, na mgonjwa ndiye yule yule. Tofauti ilikuwa usafi. Katika kichupa kisicho na jina la kiwanda, nani Collip wake?

Tena peptidi hupenda baridi. Mkunga ye yote atakuambia kwamba oksitosini hutunzwa katika friji, baina ya digrii 2 na 8, ama nguvu yake hupotea. Kichupa cha kijana wangu kilitoka Kampala kwa basi, karibu kilomita 500, katika mfuko wa suruali. Na kuhusu kudungana nyumbani, kwa maji yasiyochemshwa na sindano iliyopita kwa rafiki, sina haja ya kuwaeleza watu wa Uganda nini huweza kupita katika sindano.

Hatari ya pili haionekani upesi, nayo ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilisema peptidi hii huamsha mishipa mipya ya damu. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Judah Folkman, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua ukapita kipimo kidogo sana mpaka ujivutie mishipa ya damu ya kuulisha. Maneno yake yamethibitika. Basi ukimwaga maji katika shamba, mahindi hunywa, na magugu hunywa. Haijaonyeshwa kwamba BPC-157 huleta saratani kwa mtu. Lakini haijaonyeshwa pia kwamba haileti, kwa sababu hakuna watu wa kutosha waliofuatwa kwa miaka ya kutosha.

Sisi wa West Nile hatuhitaji kuambiwa saratani ni nini. Pale Kuluva, kusini ya mji wa Arua, ndipo walipofanya kazi madaktari ndugu wawili, Ted na Peter Williams, waliotunza kwa uangalifu habari za watoto wenye uvimbe wa taya. Mwaka 1961 Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala, alimchukua Ted Williams na daktari mwingine, Cliff Nelson, wakasafiri kwa gari majuma 10, maili 10,000, mpaka Afrika ya Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wameuona uvimbe huo. Leo dunia nzima huuita kwa jina la Burkitt. Ni katika saratani zinazokua upesi kuliko zote. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu katika siku moja au mbili. Mwenye kujua hayo hawezi kusema kwa wepesi kwamba kitu cha kukuza ni kitu cha kuponya.

Na uko mfano mwema wa namna jambo hili lifanyiwavyo kazi na watu wazima. Mwaka 1997 serikali ya Marekani ilikubali dawa moja ya kupaka, bekaplemini, iliyotengenezwa kwa protini ya kukuza chembe, kwa ajili ya vidonda vya miguu vya wenye kisukari. Ilikuwa imejaribiwa kwa kulinganisha. Hata hivyo watu waliendelea kuhesabu, na mwaka 2008 ikawekwa onyo kali katika kifuniko kwa sababu ya hofu ya saratani kwa waliotumia mirija mingi. Wakaendelea kuhesabu tena, na mwaka 2018 onyo lile kali likaondolewa, kwani hesabu mpya hazikuthibitisha hofu ile. Miaka 21 ya kuhesabu! Kichupa cha mfukoni hakina hata daftari.

Sitaki mdhani kwamba majaribio kwa watu ni jambo baya, ama kwamba hufanywa sikuzote kwa haki. Jina la eneo letu limo katika hadithi moja ngumu. Mwaka 1937 walipima damu ya mwanamke mmoja wa Omogo, West Nile, aliyekuwa na homa, wakaona virusi isiyojulikana, ikaitwa West Nile mpaka leo. Katika miaka ya 1950, huko New York, madaktari waliwadunga virusi ya aina hiyo, iliyopatikana Misri, wagonjwa wa saratani zaidi ya 90, wakitumaini kwamba itaula uvimbe. Faida ilikuwa ndogo na ya muda. Lakini baadhi ya wagonjwa waliingiwa na ugonjwa wa ubongo. Wale walikuwa madaktari wenye elimu, katika hospitali kubwa, na vitabu vyao vyaonyesha walichokiona. Ndiyo sababu mimi na wewe twaweza kujua leo.

Hatari ya tatu ni ya wachezaji. Shirika la dunia la kupinga dawa michezoni, WADA, liliitia BPC-157 katika orodha ya vitu vilivyokatazwa mwaka 2022, katika fungu la vitu ambavyo hakuna serikali iliyovikubali kuwa dawa ya watu. Mwaka 2023 wakuu wa dawa wa Marekani nao waliitia katika orodha ya vitu vyenye mashaka ya usalama, ili wauza dawa wasiichanganye. Kwetu Uganda dawa yo yote ya kuuzwa yapasa iandikishwe na National Drug Authority. Mchezaji akipatikana na kitu kilichokatazwa, kufungiwa kwaweza kufika miaka 4, na kusema "sikujua" hakumwokoi. Jirani zetu wa Kenya walijifunza kwa uchungu: Rita Jeptoo, mshindi wa mbio ndefu za Boston, alipatikana na EPO mwaka 2014, akafungiwa. Na EPO, kumbukeni, ni dawa halali hospitalini, yenye kuwasaidia wenye figo mbovu.

Juma lilipokwisha kijana alirudi. Nikamweleza yote haya, hata usiku ukaingia. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sasa, Mwalimu, mguu wangu?" Lilikuwa swali la haki. Kumkataza mtu dawa bila kumpa njia ni kumfukuza tu aende kwa mwingine.

Nikampa njia ya Håkan Alfredson, daktari wa Sweden. Husimuliwa kwamba kano yake mwenyewe ilimwuma, akamwomba mkubwa wake ampasue. Mkubwa akakataa, akisema si mbovu vya kutosha. Basi Alfredson akaanza kuitesa kwa makusudi ili ikatike, nayo, badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 alitoa habari za wakimbiaji 15 aliowafundisha mazoezi hayo, nao wote walirudi kukimbia. Ndiyo, ni 15 tu, na kijana wangu aliniona haraka, akauliza kwa nini 15 wa Sweden wanifae nami niwakatae 16 wa Marekani. Alifundishwa vizuri! Nikamjibu kwamba baada ya 1998 wengine wengi waliyajaribu mazoezi haya kwa kulinganisha. Si kila mtu alipona, lakini wengi walipata nafuu. Tena ngazi haiingii mwilini.

Mazoezi ni haya. Simama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, uzito wote juu ya mguu mbovu, ushushe kisigino polepole mpaka chini ya ngazi. Upande tena kwa msaada wa mguu mzima. Mara 15, kwa vipindi 3, goti likiwa limenyooka. Kisha hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, ni mara 180 kwa siku, kwa majuma 12. Inauma, na hailipiwi hata shilingi. Lakini mtu aliyesikia kitu kikikatika ghafula nyuma ya mguu asipande ngazi yo yote. Aende hospitali siku ile ile.

Kichupa alikiacha mezani. Kimo katika sanduku la chumba cha sayansi, kimefungwa kwa ufunguo, na kidato cha tano wamekwisha kukiona. Yeye huonekana jioni kwenye ngazi za nyumba ya baba yake mdogo huko Mvara, akishuka na kupanda, na watoto wakimhesabia kwa sauti. Timu yake imecheza michezo 6 bila yeye, na mchezaji mwingine amechukua nafasi yake. Sasa yuko katika juma la 9. Juzi alinipigia simu kuniuliza kama ni lazima zitimie zote 180. Nikamwambia ndiyo.